Kupima damu ya mishipa midogo kwenye mguu wenye kidonda cha vena: mwongozo kamili kwa kliniki za Nyanda za Juu Kusini

Ilikuwa Julai, saa mbili asubuhi, bibi mmoja aliposhuka kwenye bodaboda mlangoni pa kliniki ya vidonda niliyokuwa nikifanya kazi. Alikuwa ametoka Isyonje ukungu haujapanda, kanga mbili mabegani na yeboyebo miguuni. Kidonda chake kilikuwa juu kidogo ya kifundo cha ndani, mguu wa kushoto, mwaka wa tatu huo. Kifundo kilimuuma asiweze kuvumilia mkanda wa presha, basi nikapima presha ya kidole gumba cha mguu. Kifaa kikasoma milimita 28 za zebaki, nami nikaamini. Nikamwambia, "Bibi, mishipa inayoleta damu imeziba, hatuwezi kukufunga bandeji ya kubana." Nikamwandikia rufaa. Wiki 5 baadaye alipimwa tena, mchana, akiwa amelala nusu saa chini ya blanketi. Kidole kilekile kikasoma 86. Ateri zake, yaani ile mishipa inayoleta damu, zilikuwa nzima. Iliyobana mishipa ni baridi ya njiani, na wiki 5 za tiba zilipotea kwa sababu sikumpasha miguu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya muuguzi, afisa tabibu au daktari anayefanya kazi Mbeya, Njombe, Iringa, Makete au Mufindi, mwenye dopla ya mkono, kifaa cha kusikilizia mwendo wa damu, na pengine kifaa kimoja zaidi. Nitakwenda hatua kwa hatua, ila sitazipa hatua zote uzito sawa, maana hazina uzito sawa.

Unapima nini hasa

Mtu akisimama wima bila kutembea, presha ndani ya vena za mguuni, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hufika kama milimita 80 hadi 90 za zebaki. Huo ni uzito wa nguzo ya damu kutoka moyoni mpaka chini. Akianza kutembea, shavu la mguu hukamua damu kuipandisha, na presha hushuka hadi chini ya 30. Valvu za vena, vile vilango vinavyozuia damu isirudi, zikiharibika, damu iliyopandishwa hurudi chini, na presha haishuki. Mama anayeuza nyanya Mwanjelwa akiwa amesimama tangu alfajiri, mchuma chai wa Rungwe, fundi wa mbao wa Mafinga: kama valvu zao zimeshachoka, miguu yao huubeba mzigo huo kutwa nzima.

Mwisho wa mzigo ni kapilari, mishipa midogo kuliko yote. Hupanuka, hujikunja kama uzi uliosokotwa vibaya, na nyingine hufa kabisa. Maji, protini na chembe nyekundu huvuja nje. Chembe hizo zikivunjika huacha chuma kwenye ngozi, ndiyo maana eneo la kifundo huwa jeusi kuliko mguu wote, na kwa mtu mwenye ngozi nyeusi weusi ule huwa na kivuli cha kahawia unachokiona vizuri ukisogea dirishani. Mwaka 1982 Browse na Burnand wa Uingereza walieleza kwamba utandu wa faibrini, protini inayogandisha damu, huzingira kapilari na kuzuia oksijeni isipite. Mwaka 1988 Coleridge Smith na wenzake waliongeza kwamba chembe nyeupe hunasa ndani ya kapilari hizo na kuziharibu.

Kwa hiyo una maswali mawili, na usiyachanganye. La kwanza: je, ateri kubwa zinaleta damu ya kutosha, ili bandeji ya kubana isije ikaua mguu? La pili: damu ikishafika kwenye ngozi, mishipa midogo inaitumia vipi? Swali la kwanza lina jibu la ndiyo au hapana, na hutakiwi kufunga bandeji kabla hujalijibu. La pili hukuonyesha kama tiba inafanya kazi, mara nyingi kabla kidonda chenyewe hakijaonyesha.

Chumba na mgonjwa

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, nami nilikosea hapa. Mishipa midogo ya ngozi kazi yake kubwa ni kutunza joto la mwili. Ukiiweka kwenye baridi hujifunga, haijali una kidonda au huna. Chumba kiwe na nyuzijoto 22 hadi 24. Dar es Salaam wanahangaika kupoza chumba. Njombe mwezi wa Juni kazi yako ni kukipasha. Nunua kipimajoto cha ukutani, kitundike karibu na kitanda na si karibu na dirisha. Hita ya umeme iwashwe saa moja kabla ya mgonjwa wa kwanza, isielekezwe miguuni. Kama umeme hukatika, panga vipimo kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, jua likiwa limeingia chumbani. Jiko la mkaa usiliingize ndani hata siku moja: moshi wake una sumu, na hujaza damu hewa inayovuruga hata vipimo vya oksijeni.

Mgonjwa avue viatu na soksi, alale chali, kichwa juu ya mto mmoja, miguu usawa wa moyo, blanketi juu. Dakika 20 kwa uchache. Kama amekuja kwa bodaboda au ametembea kwenye umande, mpe dakika 30 hadi 40. Usimkandishe kwa maji ya moto wala usimsugue, maana hapo utapima moto wako badala ya mguu wake. Kabla ya kuanza, gusa kidole gumba kwa mgongo wa mkono wako, na kama kina baridi kuliko shavu la mguu wa mtu huyohuyo, endelea kusubiri.

Muulize mambo machache huku anapumzika. Amekunywa chai ya rangi au kahawa ndani ya saa mbili? Amevuta sigara au kunusa ugoro? Amemeza dawa za presha asubuhi? Anaumwa kisukari? Ana sikoseli, au ndugu yake anayo? Vidonda vya sikoseli hupenda pale pale kwenye kifundo na huonekana kama ndugu wa vidonda vya vena. Ukimwamkia "Shikamoo babu", au "Kamwene" kama uko Iringa na Njombe, umngoje ajibu taratibu. Mtu mwenye hofu hubana mishipa yake kama aliye na baridi.

Hina na rangi ya kucha iondolewe kwenye kidole utakachokipima kwa mwanga. Hina iliyokwisha ingia kwenye ngozi haitoki, basi tumia kidole kingine na uandike kwamba umebadilisha.

Macho na vidole kwanza

Kabla ya kifaa chochote, shika mguu. Je, sehemu ya juu ya kifundo imekuwa ngumu na nyembamba, na shavu limevimba juu yake, mguu ukafanana na kibuyu kilichogeuzwa juu chini? Huo ni ugumu wa ngozi unaotokana na vena, na chini yake kapilari zimeteketea. Kuna mabaka meupe ya makovu yenye vidoti vyekundu pembeni? Hapo kapilari ni chache mno, na jeraha dogo tu litageuka donda ndugu. Kidonda kiko wapi: kati ya kifundo na nusu ya muundi, upande wa ndani, kingo zimelala, kina kifupi, maji mengi? Hicho ni cha vena. Kikiwa kwenye vidole au kisigino, kimekatika kama kwa kisu, kikavu, kinauma zaidi usiku mgonjwa akilala, fikiria ateri. Kingo zikiwa zimenyanyuka na kujikunja nje, kata kipande ukipeleke maabara. Hapo saratani isipofikiriwa ni hatari.

Kisha bonyeza nyama ya kidole gumba kwa sekunde 5, achia, hesabu. Damu irudi ndani ya sekunde 2 hadi 3. Kwa ngozi nyeusi usibonyeze mgongo wa mguu. Bonyeza unyayo au ukucha, ambako rangi huonekana. Kipimo hiki ni kidogo na peke yake hakimtoshi mgonjwa, lakini hakigharimu kitu.

Ateri kubwa: uwiano wa kifundo kwa mkono

Huu ni uwiano wa presha ya kifundo kwa presha ya mkono, na hospitalini tunauandika ABPI. Funika kidonda kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula ili mkanda usichafuke na mgonjwa asichubuke. Mkanda uwe juu tu ya kifundo, wenye upana unaotosha mguu wenyewe. Tumia probu, kile kichwa cha dopla kinachogusa ngozi, ya megahezi 8. Mguu uliovimba sana hupenda ya 5. Weka jeli ya kutosha, shika probu kama kalamu, ilale kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60 ikielekea moyoni, na usikandamize.

Sikiliza. Ateri nzima hupiga sauti ya vipande vitatu, kali, fupi, kama mtu anayepiga hatua kwa haraka kwenye sakafu ya mbao. Ateri iliyoziba juu hutoa sauti moja nzito, inayovuta. Vena haipigi kabisa: huvuma na kushuka na pumzi ya mgonjwa, kama upepo kwenye misonobari. Ukisikia mvumo huo, sogeza probu milimita chache upande mmoja. Wanafunzi wengi hupima vena bila kujua, na namba zao huwa hazina maana.

Jaza mkanda hadi sauti ipotee, ongeza 20, kisha achia taratibu, milimita 2 kwa sekunde. Sauti inaporudi, hiyo ndiyo presha. Usijaze tena papo hapo, subiri dakika moja. Pima ateri mbili kila mguu, ya mgongo wa unyayo na ya nyuma ya kifundo cha ndani, kisha mikono yote miwili kwa dopla hiyohiyo. Usitumie stetoskopu mkononi na dopla mguuni.

Mfano. Mkono wa kulia 128, wa kushoto 134. Mguu wa kushoto: ateri ya mgongo wa unyayo 126, ya nyuma ya kifundo 138. Chukua kubwa ya mguu, gawanya kwa kubwa ya mikono: 138 kwa 134 ni 1.03.

Kati ya 0.8 na 1.3, ateri zinaruhusu bandeji kamili ya kubana, ile inayofikia karibu milimita 40 za zebaki kifundoni. Kati ya 0.5 na 0.8, bandeji iwe nyepesi na daktari wa mishipa ashauriwe. Chini ya 0.5, usifunge, na rufaa iende haraka. Juu ya 1.3, usifurahi: ateri zimekakamaa kama bomba la chuma, jambo la kawaida kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, na mkanda hauwezi kuzibana. Hapo nenda kidoleni.

Usipime kwa mkanda mguu unaoshuku kuwa una damu iliyoganda ndani ya vena za kina: umevimba ghafla, upande mmoja, una joto na unauma.

Kidole gumba, na mguu ulionyanyuliwa

Ateri za vidole hukakamaa mara chache, hivyo presha ya kidole ni mlango wa kuelekea mishipa midogo. Unahitaji mkanda mdogo wa kidole na kihisio cha mwanga kwenye ncha. Chini ya 30 ni hali mbaya. Uwiano wa kidole kwa mkono ukiwa chini ya 0.7 si wa kawaida. Na hiki ndicho kipimo kinachodanganywa na baridi kuliko vyote. Ukipata namba ndogo, pasha chumba, funika mgonjwa, rudia baada ya nusu saa kabla hujamwambia neno lolote.

Kituo kisicho na mkanda wa kidole kina njia nyingine ninayoipenda sana. Mgonjwa amelala, weka probu kwenye ateri ya mgongo wa unyayo, mwenzako anyanyue mguu polepole, goti likiwa limenyooka, hadi sauti ipotee. Pima kwa futi ya fundi cherehani urefu kutoka kitandani usawa wa moyo hadi kwenye probu. Kila sentimita 13 ni sawa na karibu milimita 10 za zebaki. Sauti ikipotea kwenye sentimita 40, presha pale ni kama 30. Ateri iliyokakamaa haiwezi kukudanganya hapa, maana hakuna mkanda unaoibana. Sauti isipopotea hata mguu ukiwa juu kabisa, kuna damu ya kutosha. Wenye nyonga mbovu waache.

Oksijeni inayopita kwenye ngozi

Sasa tumefika kwenye mishipa midogo yenyewe. Kifaa hiki huandikwa TcPO2: elektrodi ndogo inabandikwa kwenye ngozi, inaipasha hadi nyuzi 43 hadi 45, kapilari zinafunguka, na oksijeni inayotoka inapimwa. Vifaa hivi viko hospitali chache, lakini ukifika mahali kipo, ujue kukitumia.

Nyoa nywele, futa kwa spiriti, acha ikauke. Bandika elektrodi sentimita 1 hadi 2 kutoka kingo ya kidonda, kwenye ngozi nzima, si juu ya mfupa, si juu ya vena iliyotuna, si kwenye kovu jeupe. Ya pili bandika kifuani chini ya mtulinga. Subiri dakika 15 hadi 20 mpaka namba itulie. Ukimaliza, ing'oe mara moja; ngozi ya eneo hili huungua upesi.

Vitabu vitakwambia kwamba zaidi ya 50 ni kawaida, chini ya 40 uponaji unasuasua, chini ya 30 ni hatari. Namba hizo zilitokana na watu wa karibu na usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, ambako uzito wa hewa ni kama milimita 620 badala ya 760. Ondoa 47 za mvuke wa maji, zidisha kwa asilimia 21: oksijeni inayovutwa ni kama 120, wakati Dar es Salaam ni 150. Makete ni pungufu zaidi. Mgonjwa wa Makete mwenye ateri nzima kabisa atasoma chini ya mwenzake wa Tanga, na ukimpima kwa namba za kitabu utamwita mgonjwa wa ateri bure.

Kwa hiyo tumia uwiano: namba ya mguu gawanya kwa namba ya kifua. Kifua kinapumua hewa ileile ya mlimani. Mguu 33 na kifua 55 ni 0.6, na kuanzia hapo kwenda juu kuna matumaini mazuri ya kupona. Chini ya 0.4 kuna tatizo la kweli.

Jambo la kushangaza ni kwamba karibu na kidonda cha vena oksijeni huwa ndogo hata ateri zikiwa nzima. Maji ya uvimbe yameweka umbali kati ya kapilari na ngozi, na kapilari zenyewe zimepungua. Usiichukue namba hiyo kuwa sababu ya kumnyima bandeji mtu mwenye ABPI ya 1.0, maana bandeji ndiyo inayoondoa yale maji.

Dopla ya leza

Mwanga wa leza huingia ngozini kama milimita moja, hugonga chembe nyekundu zinazotembea, hurudi na mawimbi yaliyobadilika. Kifaa hutoa namba iitwayo yuniti za mwendo wa damu. Si mililita kwa dakika, na usilinganishe mtu na mtu wala kifaa na kifaa. Linganisha mguu huohuo na wenyewe, kabla na baada.

Ukiweka leza kwenye ngozi ngumu karibu na kidonda, utategemea ionyeshe damu kidogo. Itaonyesha nyingi, mara kadhaa zaidi ya mguu mzima, yaani usio na ugonjwa. Sehemu kubwa ya damu ya ngozi hupita kwenye njia za kutunza joto, na sehemu ndogo tu hupita kwenye kapilari za juu zinazolisha ngozi. Kwenye mguu wa vena njia zile zimefurika huku kapilari zinakufa njaa, kama mfereji wa umwagiliaji wa Usangu unaojaa maji wakati jaruba lililo pembeni limepasuka kwa ukavu.

Basi namba ya mapumziko haitoshi. Lazima uisumbue mishipa kidogo uone inavyojibu. Njia nyepesi: chukua usomaji wa dakika 5 mgonjwa amelala, kisha mketishe kitandani miguu ikining'inia bila kugusa sakafu, subiri dakika 5, soma tena. Mguu mzima ukishuka chini, ateri ndogo hujibana zenyewe kuzilinda kapilari, na mwendo hupungua karibu nusu. Mfano: 60 ikawa 30, upungufu wa asilimia 50. Kwenye mguu wa vena unaweza kuona 140 ikawa 115, upungufu wa asilimia 18 tu, ulinzi umekufa. Baada ya wiki kadhaa za kubanwa vizuri, asilimia hiyo huanza kupanda, na namba ya mapumziko hushuka. Ukiona hivyo mwambie mgonjwa hata kama kidonda hakijabadilika sana. Nimeona mama aliyetaka kuacha bandeji akiendelea kwa sababu ya kuonyeshwa mistari miwili kwenye skrini.

Njia ya pili ni kupasha probu hadi nyuzi 44 na kuona mwendo unaongezeka mara ngapi. Mguu mzima una akiba kubwa. Mguu wa vena umeshatumia akiba yake. Njia ya tatu, ya kuzuia damu kwa mkanda dakika 3 na kuachia, siipendekezi kwa hawa wagonjwa. Inauma mno kwa faida ndogo.

Probu isiguswe, waya usining'inie, na mgonjwa asiongee. Kikohozi kimoja huonekana kwenye mstari kama mlima Rungwe.

Kuandika na kurudia

Chukua karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, chora kingo za kidonda, chora kifundo na alama ya mahali probu ilipokaa, andika tarehe, ihifadhi kwenye faili ndani ya bahasha. Wiki ya 4 na wiki ya 12 utaiweka juu ya mguu uleule na kupima mahali palepale. Bila hivyo, sentimita mbili za tofauti zitakupa jibu jipya kabisa. Pamoja na kila namba andika joto la chumba, saa, muda aliopumzika, mkao, na joto la ngozi kama una kipimo. Nimekuwa naandika pia alivyofika: kwa mguu, daladala, au bodaboda.

Pima na mzunguko wa kifundo. Bandeji ileile, ikivutwa kwa nguvu ileile, hubana zaidi mguu mwembamba, kwa hiyo kifundo chini ya sentimita 18 kiongezwe pamba kabla ya kufungwa. Uvimbe ukipungua pima upya.

Baada ya wiki 4 za kubana, kama eneo la kidonda halijapungua kwa asilimia 20 hadi 40, rudi mwanzo: ABPI, kidole, kisha kapilari. ABPI irudiwe pia kila miezi 3, na mapema zaidi mgonjwa akisema vidole vinakufa ganzi au maumivu ya usiku yameanza. Mwambie kabla hajaondoka: vidole vikibadilika rangi, vikiwa baridi au vikiuma kuliko jana, akate bandeji mwenyewe nyumbani kwa mkasi, asingoje basi la kesho.